Mustang Dodoma: Bei yake inapangwa Marekani, lakini inaamuliwa bungeni

Ukikaa jioni Nyerere Square ukahesabu magari yanayopita, utachoka kuandika Crown, IST, Harrier na Land Cruiser za serikali. Siku moja moja ndiyo unasikia mngurumo wa aina nyingine, vijana wanageuka, simu zinatoka mifukoni. Ni Ford Mustang. Ikishapita, swali linalobaki kijiweni ni lilelile: "Hii ndinga ni shilingi ngapi?"

Swali zuri zaidi ni hili: itakuwa shilingi ngapi miaka mitatu au mitano ijayo? Kuna vijana wanaoweka akiba, na kuna watumishi wanaopiga hesabu za mkopo, wakiamini kwamba magari ya michezo ya Kimarekani yatashuka bei kama Crown ilivyoshuka mpaka ikafika mtaani.

Tuliangalie jambo hili kwa namba. Jibu linaanzia Marekani, linapita bandarini Dar, halafu linarudi hapahapa Dodoma.

Gari la mtu wa kawaida lililopanda cheo

Mustang ilizinduliwa Aprili 17, 1964, siku tisa tu kabla ya Muungano wetu. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368. Ukiongeza mfumuko wa bei, hiyo ni takribani dola 24,000 za leo. Wazo lilikuwa kwamba kijana mwenye ajira yake ya kwanza aweze kuendesha gari lenye sura ya kibabe bila kuwa tajiri.

Leo hilo wazo limeyumba. Mustang mpya ya bei ya chini kabisa, yenye injini ya silinda nne, imevuka dola 30,000 huko kwao. Yenye V8 ya lita 5.0 imevuka dola 40,000. Juu yake kuna Dark Horse, iliyovuka dola 60,000. Juu kabisa kuna Mustang GTD, ambayo bei yake imevuka dola 300,000. Jina moja, farasi yuleyule puani, lakini kutoka ya chini hadi ya juu bei imezidishwa mara kumi.

Wenzake nao wameondoka sokoni. Chevrolet Camaro ya mwisho ilitoka kiwandani Desemba 2023. Mwezi huohuo Dodge ikafunga uzalishaji wa Challenger iliyokuwa ikitengenezwa Brampton, Canada. Dodge ilirudi na Charger mpya ya umeme ambayo bei yake ilianzia karibu dola 60,000, halafu ikaleta na ya petroli yenye silinda sita.

Corvette imepanda daraja zaidi. Toleo la sasa lilipotangazwa mwaka 2019, lilianza chini kidogo ya dola 60,000. Sasa linaanzia karibu dola 70,000, na toleo la ZR1 limevuka dola 170,000. Huyo hashindani tena na Mustang. Anawatazama Ferrari na Porsche machoni.

Maana yake ni kwamba Mustang imebaki karibu peke yake kwenye kiti cha "V8 ya bei nafuu". Na muuzaji akibaki peke yake sokoni hana sababu ya kushusha bei.

Ushuru wa Trump nao umeingia

Kuanzia Aprili 2025 Marekani iliweka ushuru wa 25% kwa magari yanayoingia kutoka nje. Baadaye nchi kama Japani zilipata makubaliano ya kupunguziwa. Mtu atasema: Mustang inatengenezwa Flat Rock, Michigan, na Corvette inatengenezwa Bowling Green, Kentucky, sasa ushuru huo unawahusu nini?

Unawahusu. Gari lina maelfu ya vipuri, na vingi vinatoka nje. Chuma na aluminiamu navyo vimewekewa ushuru mkubwa. Gharama ya kiwandani ikipanda, mwenye kiwanda ana mawili: ale hasara au amwongezee mteja. Kwa gari ambalo halina mpinzani wa karibu, cha pili ndicho rahisi.

Kwa hiyo utabiri wetu wa kwanza ni huu: bei ya mpya huko Marekani haitashuka. Itapanda taratibu, na matoleo ya bei ya chini yatapungua kabla ya yale ya bei kubwa. Mwenye kungoja mpya ishuke anangoja embe chini ya mbuyu.

Kwa nini sisi tunasubiri Uingereza, si Marekani

Kwa Mtanzania hesabu haianzii Michigan. Magari ya kwao yana usukani wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara na usukani wa kulia. Jaribu kulipita lori lenye tela kati ya Gairo na Kibaigwa huku umekaa upande wa kushoto. Unatoa nusu ya gari barabarani kabla macho yako hayajaona kinachokuja.

Ford ilianza kutengeneza Mustang za usukani wa kulia kiwandani mwaka 2015. Zikauzwa Uingereza, Australia, Afrika Kusini na kwingineko. Corvette ilifuata na toleo lake la sasa. Camaro na Challenger hazikuwahi kutoka kiwandani kwao na usukani wa kulia katika matoleo yao ya mwisho. Ukiona moja ya kulia, jua imefanyiwa upasuaji na fundi.

Hivyo mtumba wetu wa Mustang ni wa kuanzia 2015 kuja juu, na wingi wake si kama wa Crown. Japani, ambako ndiko kapu letu kubwa la mitumba, hakuna bahari ya Mustang za usukani wa kulia. Ford yenyewe iliondoka soko la Japani mwaka 2016. Bidhaa ikiwa chache kwenye chanzo, hata mtumba wake hauporomoki haraka.

Sasa tuje bandarini

Hapa ndipo ndoto nyingi hufia. Kwa gari la kawaida lenye injini inayozidi cc 2,000, kodi kuu ni tatu:

• Ushuru wa forodha 25%
• Ushuru wa bidhaa 10%
• VAT 18%

Kosa la wengi ni kujumlisha: 25 + 10 + 18 = 53. Sivyo. Kodi hizi zinapandiana mgongoni. Ushuru wa bidhaa unakokotolewa baada ya ule wa forodha kuongezwa. VAT inakokotolewa juu ya vyote. Matokeo yake ni zaidi ya 62% ya thamani ya gari likiwa bandarini. Juu yake kuna tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, wakala na usajili.

Tuchukue mfano. Tuseme Mustang ya chini ya miaka minane ina thamani ya dola 30,000 ikifika Dar, pamoja na usafiri na bima. Tufanye dola moja ni shilingi 2,500, kwa ajili ya hesabu tu.

• Thamani: dola 30,000
• Forodha: dola 7,500
• Ushuru wa bidhaa: dola 3,750
• VAT: dola 7,425
• Jumla: dola 48,675

Hiyo ni karibu shilingi milioni 122. Weka tozo ndogondogo, wakala na usajili, uko kwenye milioni 125 na kitu kabla hujaweka mafuta ya kuipeleka Dodoma.

Kumbuka pia kwamba TRA ina mfumo wake wa thamani za magari yaliyotumika. Ukipata gari la kutupwa kwa rafiki yako London, usidhani risiti yake ndiyo itakayoamua kodi. Angalia kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela.

Mtego wa miaka 10

"Basi nitachukua ya zamani, ya 2015," anasema mwenzetu. Subiri kwanza.

Gari dogo lililotumika likizeeka linaanza kulipa ushuru wa uchakavu, na likipita miaka 10 ushuru huo ni 30%. Huu unaongezwa kwenye ile 10% ya ushuru wa bidhaa, na VAT inapanda juu yake tena.

Tuseme Mustang ya zamani ina thamani ya dola 20,000 ikifika Dar:

• Forodha: dola 5,000
• Ushuru wa bidhaa na uchakavu: dola 10,000
• VAT: dola 6,300
• Jumla: dola 41,300, yaani karibu shilingi milioni 103

Linganisha. Gari lenye thamani ya dola 30,000 limelipa kodi dola 18,675. Gari lenye thamani ya dola 20,000 limelipa kodi dola 21,300. La bei rahisi limelipa kodi kubwa zaidi! Uliokoa dola 10,000 wakati wa kununua, ukifika getini zimebaki dola 7,375. Na gari ulilonalo ni kuukuu zaidi, linalohitaji fundi mapema zaidi.

Hili ndilo linalotupa utabiri wa pili. Mustang za kwanza za usukani wa kulia ni za 2015, na ndizo zinazovuka mstari wa miaka 10. Huko zilikotoka bei zake zitashuka kadiri zinavyozeeka, lakini hapa kwetu ushuru wa uchakavu utazinyanyua. Kwa sheria ya kodi ya sasa, tunaona Mustang nyingi za kuagiza zikikaa kati ya milioni 100 na 150 kwa miaka kadhaa. Kushuka kweli kutakuja kwa njia nyingine: zile zilizokwisha kulipiwa kodi, zinazouzwa mkononi mwa Mtanzania kwenda kwa Mtanzania mwingine.

Crown na Mustang, kodi moja

Kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Crown Athlete ya cc 2,500 na Mustang ya cc 5,000 zinakaa kapu moja la ushuru wa bidhaa, kwa sababu zote zimezidi cc 2,000. Hata Mustang ya silinda nne, yenye injini ya lita 2.3, iko humohumo. Hakuna asilimia ya adhabu kwa V8.

Mwenye Crown aliyeagiza gari la zaidi ya miaka 10 amelipa asilimia ileile ambayo angelipa mwenye Mustang ya umri huohuo. Tofauti ni thamani tu. Crown yenye thamani ya dola 4,000 bandarini itafika kama milioni 20 na ushee baada ya kodi hizo tatu na uchakavu. Ndiyo maana Crown imekuwa gari la michezo la mtu wa Dodoma: ina mwendo, ina heshima, fundi anaijua, na spea zipo.

Mustang haitaichukua nafasi hiyo. Itakaa kwenye nafasi ya gari la kuonekana, la harusi, la Jumapili. Kwa bei ya moja, mtu anapata Crown tano na chenji ya kufungulia biashara.

Kigogo wa bei yuko Dodoma

Kila Juni, bajeti ya serikali inasomwa hapa bungeni, na Julai 1 sheria mpya ya fedha inaanza kufanya kazi. Mstari mmoja kwenye hotuba hiyo unaweza kuibadilisha bei ya Mustang kuliko uamuzi wowote wa mabosi wa Ford kule Dearborn.

Mfano uko jirani. Mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia daraja jipya la ushuru wa forodha la 35% kwa baadhi ya bidhaa. Kenya ilishapandisha ushuru wa kuingiza magari hadi 35%. Tanzania ikifuata njia hiyo, Mustang yetu ya dola 30,000 ingefika dola 52,569 badala ya 48,675. Ongezeko ni karibu shilingi milioni 10, bila gari kuongezewa hata tairi.

Na si Mustang tu. Pandisha hivyo kwenye IST ya mwalimu wa Nkuhungu na utaona kwamba mjadala huu si wa matajiri peke yao. Ukisikia bungeni wanasema "magari ya anasa", sikiliza vizuri mstari umechorwa wapi. Ukichorwa kwa cc, unaweza kumbeba mwenye Crown. Ukichorwa kwa thamani, utambeba mwenye Mustang. Kuna tofauti kubwa hapo, na wabunge wetu wanapaswa kuulizwa.

Kitu cha pili ni dola. Shilingi ikiyumba kutoka 2,500 hadi 2,700, gari la dola 48,675 linaongezeka karibu milioni 10 nyingine. Anayeweka akiba kwa shilingi kununua kitu cha dola anakimbiza lengo linalotembea.

Ukishainunua, unaenda nayo wapi?

Dodoma imebadilika. Ilitangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 765,000 jijini. Lami zimeongezeka, Mji wa Serikali Mtumba umejengwa, na barabara ya mzunguko wa nje ni ya zaidi ya kilomita 110. Kwa macho, huu ni mji wa gari kali.

Lakini toka nje ya lami Nzuguni au Nkuhungu uone. Mchanga, makorongo, na matuta ya kuparua tumbo la gari la chini. Ukiingia barabara ya Dar, kilomita kama 450, kila kijiji ni 50 kwa saa na askari wa tochi yuko kazini. Mustang yako inaweza kugusa 250. Utaitumia lini?

Cha kuchekesha, chombo chenye ruhusa ya kukimbia kati ya Dar na Dodoma ni treni. SGR ilianza safari za Dodoma Julai 2024, na imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Nauli ya kawaida ilipangwa shilingi 31,000. V8 ya lita 5.0 ikitulia barabarani itakunywa kama lita 45 kwa safari hiyo. Kwa petroli ya karibu shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 135,000. Mwenye IST atakupungia mkono, na mwenye tiketi ya treni atakuwa ameshafika anakula chipsi.

Bima kubwa nayo kwa kawaida inakokotolewa kama 3.5% ya thamani ya gari. Kwa gari la milioni 125, hiyo ni zaidi ya milioni nne kwa mwaka. Afadhali ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Lakini hiyo inamuuma zaidi mwenye V8, kwa sababu kila lita anailipia.

Spea na kuuza tena

Mwanzoni mwa 2025, CMC Motors, jina lililofungamana na Ford kwa miaka katika ukanda huu, ilitangaza kusitisha shughuli Kenya, Uganda na Tanzania. Hata kabla ya hapo, Ford kwetu ilikuwa ni Ranger na Everest, magari ya kazi na ya vumbi, si Mustang. Taa ya Crown unaipata mjini leoleo. Taa ya Mustang unaiagiza, unalipa usafiri, unalipa kodi, unasubiri.

Halafu siku ya kuuza. Tangazo la Crown likiwekwa asubuhi, simu zinaita. Tangazo la Mustang litapata "likes" elfu moja na mnunuzi mmoja, naye atakuja na bei yake. Anayechukua mkopo wa kazini kununua gari hili ajue hivyo: deni halishuki kwa kasi ambayo gari linashuka.

Kwa hiyo tufanyeje?

Hatusemi usiote. Gari ni furaha pia, na mwenye hela yake ana haki ya kusikia V8 ikinguruma asubuhi. Tunachosema, piga hesabu nzima kabla ya kutuma hata dola moja:

• Angalia mwaka wa kutengenezwa kabla ya bei. Likiwa limepita miaka 10, kodi itakula unafuu.
• Silinda nne ya lita 2.3 inakaa daraja lilelile la ushuru wa bidhaa na V8, lakini kwenye mafuta itakusamehe.
• Kama unataka agizo likufikie baada ya Julai, sikiliza bajeti ya Juni kwanza.
• Tafuta iliyokwisha kusajiliwa nchini. Aliyetangulia ameshalipa kodi kwa niaba yako.
• Kama ni mkopo, weka bima, mafuta na spea kwenye hesabu ya mwezi, si bei peke yake.

Utabiri wetu kwa ufupi: Marekani bei itapanda, Uingereza mtumba utashuka polepole, na Dodoma itategemea kalamu ya waziri wa fedha. Kati ya hao watatu, ni huyo wa mwisho tu ndiye anayekaa mji mmoja na wewe, na hotuba yake inarushwa moja kwa moja.